Mtoto Aende Shule, Sisi Tumwongoze Babu

Katika vijiji vyetu vingi, mzee asiyeona huongozwa na mjukuu. Mtoto hutangulia ameshika ncha ya fimbo, babu akifuata. Twamsifu kuwa ni mtoto mwema. Ni kweli, lakini saa hizo wenzake wako darasani.

Ndugu msomaji, kazi hiyo ni ya jumuiya nzima. Tupangiane zamu: huyu ampeleke sokoni, yule kwenye mkutano au mazoezi ya kwaya. Tusimvute kwa fimbo wala kumsukuma. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie nusu hatua, umwambie mapema penye ngazi au shimo.

Tena tumfikishe kwa mganga wa macho. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 1 wana matatizo ya kuona ambayo yangezuilika au bado hayajatibiwa. Mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kupofusha wazee, huondolewa kwa upasuaji mfupi.

Sadaka ya shilingi ni njema, ila haimfikishi mtu aendako. Tuipokee fimbo ile mkononi mwa mtoto.