Kiswahili si adui wa Kiingereza darasani

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba Kiingereza kibovu cha wanafunzi wetu kimeletwa na Kiswahili. Dawa yao ni marufuku, na wazazi wengi wangali wanakumbuka kibao walichovishwa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao. Mimi nasema dawa hiyo inaua kilicho hai.

Hebu msomaji aitazame sentensi hii, ambayo mfano wake nauona kila muhula katika insha za wanafunzi wangu: “The list of candidates are ready.” Mwandishi ameponzwa na neno lililo jirani na kitenzi, “candidates”, akasahau kuwa neno kuu la kirai nomino hicho ni “list”, nalo ni la umoja. Ilipasa kuwa “is”. Lakini mpe mwanafunzi huyo huyo Kiswahili, naye atakuandikia bila kusita, “Orodha ya watahiniwa iko tayari.” Katu hataandika “wako tayari”. Kumbe kanuni anayo tangu utotoni! Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba ndiyo ile ile.

Mpangilio nao hutatanisha. Sisi hutanguliza neno kuu, “vitabu vyangu vitatu vikubwa”. Mwingereza huliweka mwisho, “my three big books”. Ila akitumia “of”, hulirudisha mbele kama sisi, na hapo ndipo wengi huteleza.

“Equipments” ni kosa lenye asili yake, kwa kuwa tunavyo kifaa na vifaa, ilhali Mwingereza haihesabu “equipment”. “Advices”, hata hivyo, haina udhuru. “Ushauri” wetu hauna wingi, na “advice” yao kadhalika. Vijineno “a” na “the” ni taabu ya kweli, sikatai, maana Kiswahili hakina mfano wavyo. Hapo ni mazoezi tu.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilizifanya lugha hizi mbili kuwa rasmi. Katika shule nyingi za upili, walakini, kila moja ina idara yake na meza yake. Nawaomba wakuu wa idara hizo wakutane muhula ujao, hata kwa kipindi kimoja, wakiwa na ubao na sentensi kumi zilizoandikwa na wanafunzi wao wenyewe.