Maji ya Koni na Unga wa Koni

Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni hesabu. Leo tunafungua hesabu ambayo haimo katika vitabu vya ofisi.

Mwaka 1930 mashine za Mwadingusha zilianza kutoa umeme wa mto Lufira, na ziwa Tshangalele likafunika nchi. Mwaka 1950 zikafuata mashine za Koni, chini ya mto. Umeme wote huo ulitafutwa kwa ajili ya shaba. Tangu hapo kampuni imebadili jina, Jadotville imekuwa Likasi (1966), lakini waya zinashika njia ile ile ya migodini.

Zinapita juu ya mahindi ya watu. Mkulima analima kwa jembe mvua zikianza, anapalilia, anavuna. Kisha mama anajitwika gunia kwenda kutafuta kinu cha mazuti, na bei ya mazuti inakula unga kabla ya watoto. Wengine wameacha shamba, wanachoma makala. Nasi mjini tunapika bukari ya unga wa Zambia! Ni tamu, hatukatai.

Sheria ya madini ya 2018 inagawia 15 kwa mia ya mrabaha mahali panapochimbwa. Vema. Lakini maji si madini, na mwenye mto hakutajwa katika mgawo huo.

Basi tunadai transfoma kwa vijiji vya wakulima wa Koni, na kinu cha umeme, kabla ya mavuno yajayo.