Hatari ni Neno Letu

Vijana wenzangu, mtanisamehe nikiwaudhi. Hapa Oldonyo Sambu ukikaa kijiweni ukataja habari za filamu, hakosekani wa kujigamba: "Aisee, John Wayne aliigiza hapa hapa Meru!" Basi wote tunavimba kichwa. Mimi nauliza, tunavimba kwa lipi?

Filamu yenyewe ni Hatari!, ya Howard Hawks. Ilipigwa huku kabla ya Uhuru, ikatoka mwaka 1962. Inahusu watu wanaokamata faru na twiga kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Mmoja wa waigizaji alikuwa Hardy Krüger, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1928. Jina lake lilikwisha kupanda Uingereza tangu 1957, kwa filamu The One That Got Away, alipoigiza rubani mfungwa wa vita anayetoroka. Alipofika Momella, upande wa pili wa mlima wetu huu, akapapenda. Akanunua shamba, akajenga, akaishi hapo zaidi ya miaka 10. Akaandika na kitabu juu ya shamba hilo, kwa Kijerumani. Kazi ikaendelea: Barry Lyndon mwaka 1975, A Bridge Too Far 1977, baadaye vipindi vya televisheni vya safari. Alifariki Marekani Januari 2022, akiwa na miaka 93.

Sina ugomvi na marehemu. Kapenda mahali, kapaandika. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe.

Maana jirani na Momella kuna Ngarenanyuki. Mwaka 1951, miaka michache tu kabla ya kamera kufika, serikali ya Mwingereza iliwafukuza pale Wameru wapatao 3,000 na nyumba zao zikachomwa moto, ili Wazungu wapate pa kufugia ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi, pamoja na wakili Earle Seaton. Wajumbe wengi walimuunga mkono, lakini kura hazikufika theluthi mbili. Haya niambieni, hiyo si sinema? Lakini kijiweni anayejulikana ni John Wayne.

Na mimi simo nje ya lawama. Riwaya yangu ya kwanza, madaftari matatu mazima, shujaa wake ni Johnny, mpelelezi wa Chicago. Mimi ambaye hata Namanga sijavuka! Mzee mmoja jirani aliisoma, akaniuliza: "Kijana wangu, huyu Johnny ni wa ukoo gani?" Nikakosa jibu.

Utaniambia filamu inataka mamilioni. Sawa. Na daftari je, nalo ni mamilioni? Aliyekuwa na miaka 10 siku zile za moto, leo amepita 80. Wakiisha hao tutamuuliza nani? Au tunasubiri mgeni mwingine aje atuandikie, na sisi atupe kazi ya kushika kamba ya faru?

Jina la filamu ile ni neno letu. Walilichukua, wakalitangaza dunia nzima, na sisi tukabaki kupiga makofi. Johnny nimekwisha mchana vipande. Jumamosi nakwenda Ngarenanyuki na daftari jipya, kuwasikiliza wazee. Nani anafuatana nami?