Jengo Halijipi Cheo Lenyewe

Huko Tseikuru, kaskazini ya Kitui, upande wa kuelekea Mto Tana, hakuna ngome wala kasri. Ni nchi ya ukame, ya mibuyu na mito ya mchanga. Hata hivyo kila aendaye sokoni huko na noti mfukoni amebeba picha ya jengo. Noti zote tano za Kenya zilizotolewa mwaka 2019, tangu ya shilingi 50 hadi ya 1,000, zina sura ya Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta lililoko Nairobi. Wengi wanaozishika noti hizo hawajapata kulikanyaga jumba lenyewe, na bado wakiliona hulitambua mara moja kuwa ni Kenya.

Msomaji wa Pwani aweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Sisi tuna majengo makongwe kuliko hilo kwa mamia ya miaka, na mengine yanabomoka mbele ya macho yetu. Basi yafaa tujue jengo hupataje kuwa alama ya taifa, ili tusidhani kwamba ukongwe peke yake watosha.

Tulitazame kwanza hilo jumba la Nairobi. Lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso wa Kenya, ambaye jina lake lenyewe ni la Kikamba. Lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Likamalizika mwaka 1973, na mwaka huohuo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakafanya mkutano wao mkuu humo. Ndipo picha zake zikaenea duniani. Baadaye Katiba ya mwaka 2010 ikakataza noti na sarafu kuwa na sura ya mtu yeyote. Ilipotakiwa sura nyingine ya kuwekwa mahali pa marais, jumba lilikuwa tayari. Katika habari hiyo yote hakuna mahali ambapo saruji ilijipa cheo. Cheo kilitolewa na wakuu wa nchi, wapiga picha na watengeneza noti.

Sasa tuitazame Ngome yetu ya Mombasa. Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, ili waushike mji ambao walikwisha kuupiga na kuuchoma zaidi ya mara moja. Haikujengwa kwa ajili yetu bali dhidi yetu. Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa mwaka 1698. Waingereza nao wakaifanya jela kuanzia 1895. Mwaka 1958 jela ikahamishwa, mwaka 1960 Ngome ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Leo kijana wa Mombasa hujivunia Ngome kana kwamba ni babu yake aliyeijenga. Wala hakosei. Mawe ni yale yale, lakini maana yake imegeuzwa na watu waliokuja baadaye. Ikiwa ngome ya adui imeweza kuwa fahari ya waliopigwa nayo, basi ni dhahiri kwamba maana ya jengo haimo katika kuta zake. Imo katika habari zinazosimuliwa juu yake, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa habari huweza kusimuliwa nusu.

Chukua mfano wa pembe za ndovu zilizosimama Barabara ya Moi, Mombasa. Ziliwekwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa ufalme wa Uingereza, na ni za alumini, si za ndovu. Hata hivyo hakuna picha ya Mombasa inayojulikana zaidi. Wageni hupiga picha chini yake na kwenda zao. Ni nani huwaambia pembe za kweli zilitoka wapi?

Zilitoka bara, na sehemu kubwa ilipita mikononi mwa Wakamba. Katika karne ya kumi na tisa misafara yao ilishuka hadi Rabai na Mombasa ikiwa na pembe, na kurudi na nguo, shanga na shaba. Wawindaji wao walisifika kwa mishale ya sumu, na biashara yao ilivuka Mto Tana kwenda kwa Watharaka na majirani wengine. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwaleta wengine kuja kukaa kabisa katika nchi ya Rabai. Kwa hiyo nchi ile ya Kitui, ambayo Tseikuru imo ndani yake, si ngeni kwetu. Utajiri uliojenga baadhi ya nyumba za mawe za Pwani ulibebwa mabegani mwa watu wa huko.

Na deni la taifa kwa Kitui ni kubwa zaidi ya hilo. Mwezi Desemba 1849, Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alikuwa mgeni wa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Ni kutoka huko alikouona mlima wenye theluji, akaliandika jina lake kama alivyolisikia kwa wenyeji wake. Mwaka 1920 Waingereza wakalipa koloni lao jina la mlima huo. Kivoi mwenyewe aliuawa mwaka 1851 karibu na Mto Tana, Krapf akiwa katika msafara huo. Basi jina la nchi yetu limepitia katika kinywa cha Wakamba. Hilo halimo katika noti, wala halina mnara unaojulikana na taifa zima kama zinavyojulikana zile pembe za alumini.

Tusiseme kwamba Tseikuru haina la kuonyesha kwa kuwa haina majengo. Kaya za Wamijikenda si majumba. Ni misitu mitakatifu yenye mahame na makaburi ya wazee, na bado mwaka 2008 ziliandikwa katika urithi wa dunia. Wakamba nao wana mathembo yao, mahali pa miti mikubwa walipokutana wazee kuomba mvua. Sisi ni Waislamu, na ibada yetu ni nyingine. Lakini kukumbuka si kuabudu, na kuheshimu kumbukumbu ya jirani hakuitoi imani ya mtu mahali pake.

Hapa ndipo linapokuja suala la nani aamue. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali kuu majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti zikapewa makumbusho na maktaba za kwao. Maneno hayo, “umuhimu wa kitaifa”, ni mafupi lakini ni mazito. Kinachotajwa hupata sheria ya kukilinda, bajeti na mlinzi. Kisichotajwa huachiwa popo na mchimba mawe. Gedi iliokoka kwa kuwa ililindwa kisheria tangu mwaka 1927, wala hapakuwa na mwenyeji aliyebaki ndani yake wa kuitetea. Msikiti wa Mandhry, Mji wa Kale wa Mombasa, umeokoka kwa njia nyingine: watu hawajaacha kuswali ndani yake. Sheria hulinda, na matumizi hulinda. Jengo lililokosa yote mawili lina siku za kuhesabika.

Wala umaarufu hauzuii dari kuanguka. Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ni jumba linalojulikana kwa kila mtu, nalo limo ndani ya Mji Mkongwe ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, tena katika wakati wa kukarabatiwa, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale ufa uliachwa ukapanda miaka mingi, huku picha za jumba zikiuzwa kila duka.

Rai yetu basi ni hii. Wenye misikiti, makaburi na nyumba za kale katika Pwani wasikae wakingoja Nairobi iwaone. Wakfu na kamati ziandike kila jengo: lilijengwa na nani, lini, na hali yake leo, kisha zipeleke orodha hizo kwenye kaunti na kwa Makumbusho ya Taifa. Wazee wa Tseikuru nao waulizwe njia za misafara, visima na mathembo, kabla wenye kujua hawajaondoka. Na pale penye pembe za Mombasa pawekwe maelezo ya wazi yanayowataja wawindaji na wapagazi wa Ukambani.

Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Taifa nalo si picha moja katika noti. Mtoto wa Tseikuru amekwisha kufundishwa kuijua Ngome ya Mombasa. Ni haki yake na mtoto wa Mombasa afundishwe kuijua Tseikuru.