Kamio ikipinduka: wengi wanakufa kisha ajali, si ndani yake

Mvua ikirudi, kamio zinaanza tena kulala njiani. Wenzetu walio Kanada na nchi zingine za baridi wana barafu. Muulize kijana wa kwetu anayefanya kazi ya ushofere kule, atakuambia: unakanyaga freni, gari inaendelea tu kama haikusikia. Hapa hatuna barafu, lakini tuna udongo mwekundu. Ile mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, maana inakuta vumbi na mafuta yaliyomwagika njiani na kuvigeuza kuwa sabuni. Kamio yenye mzigo mrefu, na juu ya mzigo kuna abiria, mbuzi na magunia, haihitaji mwendo mkali ili ianguke.

Mashofere wenyewe wanajua kosa lao kubwa. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa Ngomo au ule wa Kanyabayonga, wengine wanatoa vitesi na kuacha gari iteremke yenyewe ili mazuti isiishe. Hapo kazi yote inabaki kwa freni. Freni zinapata moto, zinaanza kunuka, kisha zinakataa. Shofere wa zamani anateremka na vitesi ile ile ambayo angepandia, na moteri ndiyo inashikilia gari. Ni polepole, ndiyo, na tajiri anapiga simu kuuliza mzigo uko wapi. Lakini gari inafika.

Hayo tumeyasema mara nyingi kwenye radio. Leo tuangalie yale yanayofuata kamio ikiisha kulala, maana hapo ndipo hesabu ya wafu inapanda.

Tarehe 2 Julai 2010, siku ya Ijumaa, siterne ya esanse ilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu. Ilikuwa siku ya robo fainali ya Kombe la Dunia, na watu walikuwa wamekusanyika kutazama mpira. Esanse ikamwagika. Watu wakaja kuchota, kisha moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa: wale waliokuwa wanachota, wale waliokuwa wanatazama mpira, na wengine waliokuwa tu ndani ya nyumba zao karibu na njia. Majeruhi wengine walichukuliwa na helikopta za MONUSCO, na wajitolea wa Msalaba Mwekundu ndio walikusanya maiti. Wengi hawakutambulika tena, wakazikwa katika kaburi la pamoja.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Kupinduka kwa gari si ndiko kuliua watu 230. Kati ya kupinduka na moto kulikuwa na muda, na ndani ya muda ule kila mtu aliona bahati imeanguka mbele ya mlango wake.

Ni rahisi kusema watu wana tamaa. Mimi sisemi hivyo. Bidoni moja ya esanse inazidi pesa ambayo mama mlimaji anapata kwa siku nyingi. Tena kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni: kijiji kimezoea mazuti. Mazuti ikimwagika, haishiki moto kwa urahisi. Watu wanachota, wanauza, hakuna anayekufa, na wanajifunza kwamba kuchota hakuna hatari. Siku siterne ya esanse inaanguka, wanakuja na somo la mazuti. Lakini esanse inatoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa. Mvuke ule unatambaa chini, unaingia kwenye mifereji na mabonde madogo, unafika kwenye mbabula ya mama anayepika mbali na gari. Yeye hakuchota kitu, lakini moto unarudi kwa njia ile ile.

Hata lugha inatudanganya. Siterne nyingi zinatoka bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Shofere wa kule akipiga kelele «petroli!», sisi tunaosema esanse tunasikia tu kwamba ni mafuta.

Na mara nyingi hapigi kelele kabisa, kwa sababu amekwisha kukimbia. Hapa ndipo naona shida yetu kubwa. Nilifika siku moja mahali ambapo kamio ya kreti za pombe ilikuwa imelala ubavu. Konvoyeri alikuwa amebanwa mguu, analia, na watu wanapita karibu naye na kreti kichwani. Shofere hakuwepo. Niliuliza yuko wapi, wakaniambia amejificha porini sababu vijana walitaka kumpiga. Ile siku ilikuwa pombe tu. Ingekuwa kitu kingine, mtu pekee aliyejua ndani ya gari kuna nini alikuwa porini.

Maana si esanse peke yake. Mwezi wa pili 2019, huko Kabwe katika jimbo la Lualaba, kamio iliyobeba asidi ya migodi iligongana na magari mengine, na watu wapata 20 walikufa. Asidi ile haina moshi wala moto wa kukuonya, unaweza kufikiri ni mafuta au maji machafu. Aliyerukiwa anahitaji maji mengi, tena haraka, yamwagwe juu yake muda mrefu huku nguo zikitolewa. Kumpanguza na kitambaa kikavu na kumpakia kwenye pikipiki hivyo hivyo ni kumwacha aendelee kuungua njiani.

Kuna alama ndogo ambayo watoto wetu wa shule wangeweza kuifahamu kwa siku moja. Siterne zinazofuata sheria zina kibao cha rangi ya machungwa chenye namba. Namba ya chini ikiwa 1203, ni esanse. 1202 ni mazuti. 1830 ni asidi ya sulfuriki. Gari zingine hazina kibao, au kimefunikwa na tope. Kama huoni namba, hesabu kwamba ni ile mbaya zaidi.

Kwa hiyo yule shofere alindwe. Nyumbakumi au shefu wa mtaa amkalishe pembeni, amuulize mzigo ni nini, kisha polisi watafuata. Kama ni esanse, mbabula zote zizimwe, pikipiki zisiwashwe karibu, watu wapande upande wa juu, kule upepo unakotoka. Kama hakuna hatari ya moto, majeruhi asivutwe mikono na miguu, maana mgongo uliovunjika unaweza kumalizwa na msaada. Damu inafungwa kwa kubana nguo safi kwa nguvu. Aliyeungua na moto anamwagiwa maji safi dakika 20. Dawa ya meno na mawese viache jikoni.

Na matawi: tunayaweka karibu mno. Kwenye kona au mteremko, kamio inayokuja haitasimama ndani ya mita 20 za tope. Yawekwe mbali, zaidi ya mita 100, pande zote mbili. Na mawe mliyoweka pamoja na matawi yaondolewe kazi ikiisha, kwani kijana wa pikipiki atapita pale usiku.

Lakini kijiji hakiwezi kubeba yote. Gari haifiki Sange au Lubero kwa siri. Kule Kavimvira na Kasindi, karatasi za douane zinasema ndani ya siterne kuna nini kabla haijaingia nchini, kisha kila barieri inazitazama tena ili kuona kama pesa imelipwa. Yeyote anayesimamia barieri hizo, habari ya mzigo iko mkononi mwake. Haitumwi mbele. Shefu wa kijiji kinachofuata anaijua siku gari ikilala mbele ya nyumba yake, na wakati ule simu ingekuwa imemfikia tangu asubuhi.