Yapanda kwa Mbio, Yashuka kwa Mkongojo

MAONI YETU

Ikitangazwa katika khabari za ulimwengu kuwa mafuta yamepanda, wenye pampu husikia siku ile ile. Ikitangazwa kuwa yameshuka, masikio yao huwa mazito. Haya si maneno ya barazani. Bwana mmoja wa Kiingereza, Robert Bacon, aliyachunguza mambo haya nchini kwao, na mwaka 1991 akaandika kuwa bei ya petroli hupanda kama fataki na hushuka kama unyoya. Ikiwa Uingereza, yenye pampu kila pembe, ni hivyo, seuze Ngara na Biharamulo?

Twazitaja wilaya hizo kwa makusudi. Wako ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaodhani kuwa ughali wa mafuta ni msiba wa visiwani peke yetu, kwa kuwa tumezungukwa na maji. Hasha! Ngara, iliyopakana na Rwanda na Burundi, iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na bahari yake ni barabara. Kila tone linalochomwa na pikipiki ya Rulenge limepanda lori, likapita Dodoma, Singida na Kahama kabla ya kufika.

Tuwe waadilifu tuanze na sababu za haki. Nchi hii hainunui mafuta ghafi. Mtambo wa TIPER pale Kigamboni uliacha kuyasafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo twanunua petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa, ambazo bei zake hazifuati mafuta ghafi hatua kwa hatua. Tena mafuta huagizwa kwa pamoja, kwa meli kubwa, na bei kikomo ya mwezi huu hutokana na bei za ulimwengu za mwezi mmoja au miwili iliyopita. Mwenye kusoma gazeti leo hasomi bei ya lita iliyomo ndani ya tangi la leo. Na mafuta hulipiwa kwa dola. Baina ya Juni 2014 na Januari 2015 pipa liliporomoka kutoka zaidi ya dola 110 hadi chini ya 50. Lakini mwaka huo huo wa 2015 shilingi nayo ikaporomoka, na sehemu ya nafuu ile ikaliwa na dola.

Lakini jambo ambalo watu hawaelezwi vya kutosha ni hili: ushuru na tozo hutozwa kwa lita, si kwa thamani. Mafuta yawe ghali au rahisi, tozo haipungui senti. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara, na shilingi hizo hazina khabari na soko la ulimwengu. Nauli ya lori nayo ni vivyo hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, lita ni shilingi 3,000, na ndani yake mafuta yenyewe ni shilingi 1,500. Mafuta yakishuka kwa theluthi nzima, lita hupungua shilingi 500, yaani moja katika sita. Mtu wa Ngara, ambaye lori limemzidishia shilingi 200 juu ya hizo 3,000, nafuu yake ni ile ile 500, lakini kwa kipimo cha anacholipa ni ndogo zaidi.

Hayo twayakubali. Tusiyoyakubali ni yale yanayojificha nyuma yake.

Biashara ya mafuta iliachiwa huru mwaka 2000, tukaambiwa ushindani utashusha bei. Julai 2008 pipa lilifika dola 147. Desemba lilikuwa chini ya 40. Pampu zikasitasita, mpaka Januari 2009 EWURA ikalazimika kutangaza bei kikomo. Siku hizi kikomo hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mtu halazimishwi kuuza kwa kikomo chenyewe. Lakini nani auze chini, mahali penye pampu mbili tatu? Kikomo kimegeuka ndiyo bei. Nje ya miji hata hicho kikomo hakifiki: petroli huuzwa kwa chupa na madumu, kwa bei apendayo muuzaji, na anayemkimbiza mzazi hospitali usiku hana wasaa wa kubishana.

Kisha uko mchezo wa matangi. Bei ikitazamiwa kupanda, pampu “hukauka” siku chache kabla ya Jumatano ile. Mwaka 2023 EWURA ilivifungia baadhi ya vituo kwa kosa la kuhodhi. Ikitazamiwa kushuka, mwenye kituo huogopa kujaza tangi kwa bei ya jana, na mteja wa mbali huambiwa asubiri. Huko Ngara iko dhiki ya tatu. Malori ya mafuta ya Kigali yapita Rusumo na ya Burundi yapita Kabanga, mbele ya macho ya wenyeji. Na Burundi ilipopatwa na uhaba mkubwa miaka ya karibuni, madumu yalivuka mpaka usiku.

Huku kwetu ZURA hutangaza bei moja, na mtu wa Pemba halipi zaidi ya mtu wa Darajani. Basi twauliza: kwa nini Ngara isitendewe hivyo? Mafuta yanayotumika wilaya za mbali ni machache mbele ya yale ya Dar es Salaam. Nauli yake ikigawanywa kwa lita zote za nchi, mtu wa Kariakoo ataongezewa kidogo sana. Na kila tangazo la bei lieleze meli gani, imefika lini, na imenunuliwa kwa bei ya mwezi gani.

Wanachama wa matawi yote, Unguja na Pemba, mnaombwa mwezi ujao mwandike bei ya pampu iliyo karibu nanyi siku moja kabla ya tangazo la ZURA na siku moja baada yake, pamoja na saa iliyobadilishwa, na karatasi hizo zifikishwe kwa makatibu wa matawi.