Nikichelewa, mwanikata nini?

Ajenti wa benki akikujia na fomu ya kadi ya mkopo, wachana na rangi ya kadi. Muulize: nikichelewa kulipa mwezi mmoja, mwanikata nini? Akitaja asilimia ya deni, hiyo ni riba, hata akiiita "ada". Usione haya kuuliza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa huduma unayouziwa.

Na wengi wenu mwataka tu kulipia kozi mtandaoni! Kadi ya ATM yenye Visa yatosha, au M-Pesa GlobalPay: zinakatwa pesa zako mwenyewe.

Lazima ukope? Gulf African Bank iko tangu 2008. Hata huko, omba mkataba uusome nyumbani kwanza.